Trai 279: Jinsi Collins Injera Alivyofunga

Trai 279 alizofunga Collins Injera, winga wa Kenya, katika mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba kila upande husimuliwa aghalabu kama kwamba zilikuwa kazi ya miguu peke yake. Wasimulizi hutaja mbio zake, kimo chake, na mkono ule uliokuwa ukiwasukuma wakabaji kando, kisha huishia hapo. Sifa hizo ni za haki, wala sina nia ya kumpunguzia hata moja. Lakini hazitoshi kuwa sababu, kwa kuwa wenye mbio kumshinda walikuwapo katika miaka yake yote, na wengi wao waliacha mchezo bila ya kuikaribia hesabu yake. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya kila trai ya Injera ilikwisha kutengenezwa kabla mpira haujafika mikononi mwake, na mwenye kutaka kuyajua maarifa yake sharti aondoe macho kwenye mpira akamtazame mtu asiyekuwa nao.

Tuanze na kiwanja chenyewe. Raga ya wachezaji saba huchezwa katika uwanja ule ule wa wachezaji kumi na watano, wenye upana unaofika mita 70, ila kwa dakika saba tu kila kipindi. Kumi na watano wakijipanga katika upana huo, kila mmoja hulinda chini ya mita tano. Saba wakijipanga, kila mmoja hubebeshwa mita kumi. Na kwa kuwa timu yenye hadhari huacha mtu mmoja nyuma kuupokea mpira uliopigwa mbali, sita waliobaki mbele hulinda karibu mita kumi na mbili kila mtu. Hakuna binadamu awezaye kuziba nafasi hiyo kwa mikono yake. Basi ulinzi wote husimama juu ya kukisia: mlinzi husogea upande anaodhani mpira utakwenda, na akisogea hatua mbili ndani, huwa amefungua hatua mbili nje.

Injera alikaa nje. Jambo hili ni rahisi kulitamka na ni gumu mno kulitenda, kwa maana kijana mwenye nguvu, akiona wenzake wanahangaika katikati ya uwanja, nafsi yake humsukuma aende kuusaka mpira, na akienda huja na mlinzi wake, nafasi ikafa. Yeye alistahimili karibu na mstari wa pembeni, tena nyuma kidogo ya mwenye mpira, ili pasi imkute akiwa amekwisha kushika mwendo, si akiwa amesimama. Sisi wa Taveta tunaolima kwa maji ya Njoro Kubwa twajua kwamba mfereji huchimbwa kwanza na maji hufunguliwa baadaye. Naye alikuwa akiuchimba mfereji wake kwa kusimama tu mahali panapostahili. Mpira ulipofika, hakukimbilia kona kwa pupa, bali alielekea kwanza kwenye bega la ndani la mlinzi wa mwisho, akamlazimisha kusimama wima, kisha akatoka nje huku mkono ukimweka mbali.

Hapa inafaa nimtaje mwana wa Wales, Shane Williams, winga mfupi wa kimo aliyeifungia nchi yake trai 58 na kutawazwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2008. Huyo alicheza katika msongamano wa watu thelathini, mahali pasipo na nafasi, na ikambidi aiumbe nafasi kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuruka huku na huku ndani ya eneo dogo. Injera hakuhitaji kucheza ngoma hiyo. Nafasi alipewa na kanuni za mchezo wake, na ufundi wake ukawa kutoiharibu.

Lakini nani aliyempa mpira? Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mkwaju wa kuanzisha tena, kinyume cha raga ya kumi na tano. Maana yake ni kwamba timu ikiweza kuunyakua tena mkwaju wake yenyewe, huweza kufunga mara mbili au tatu mfululizo ilhali mpinzani hajaugusa mpira. Kenya walikuwa na Humphrey Kayange, kaka yake Injera na mwenzake katika klabu ya Mwamba, mtu mrefu mwenye kipimo sahihi cha wakati wa kuruka. Mpiga mkwaju huudondosha mpira chini, akaupiga juu sana, kupita mita kumi zinazotakiwa. Kayange huwa amekwisha kuondoka mbio, na huufikia ungali hewani. Walinzi wakati huo hawajajipanga, wanatazama juu. Pasi mbili kuelekea pembeni, na ndugu mdogo anangoja. Kwangu mimi trai nyingi zilizoandikwa kwa jina la Injera zina nusu ya jina la kaka yake, ambaye leo ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Matokeo ya ushirika huo yalionekana mapema. Katika msimu wa 2008/2009 Injera aliongoza wafungaji wote kwa trai 42, na katika Kombe la Dunia la Dubai mwaka 2009 Kenya, chini ya kocha Benjamin Ayimba, waliwapiga Fiji 26-7 katika robo fainali kabla ya kusimamishwa na Argentina. Kombe lenyewe likachukuliwa na Wales. Ayimba alirudi baadaye, na Aprili 2016 huko Singapore, Andrew Amonde akiwa nahodha, Kenya walitwaa duru yao ya kwanza ya dunia kwa kuwalaza Fiji 30-7. Tafadhali uitazame ile saba: Fiji, timu iliyobakiza miezi minne kutwaa dhahabu ya Olimpiki, iliachiwa trai moja tu na nyongeza yake. Mwezi uliofuata, jijini London, Injera akaipita hesabu ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, trai 230, akawa mfungaji mkuu wa wakati wote, mpaka Dan Norton wa Uingereza alipompita mwaka 2017. Ayimba alifariki Mei 2021, na sijui kama tumempa stahiki yake.

Kwa walimu wa michezo wa Taveta na Voi, ambao viwanja vyao ni vigumu na vya vumbi, nasema hivi: msiwaanzishe vijana kwa kuangushana. Waanzisheni kwa raga ya kugusana, saba kwa saba, katika upana wote wa uwanja, na robo ya kila zoezi iwe ni mkwaju mrefu wa juu na kijana mrefu kuukimbilia. Winga naye aamrishwe kukaa hatua mbili kutoka mstari wa pembeni, asiingie ndani hata watazamaji wakimwita.