Panya Walimla Stanislovas

Kifo cha kutisha kuliko vyote katika The Jungle, riwaya ya Upton Sinclair ya mwaka 1906 kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago, kimepewa mistari michache tu. Stanislovas, mtoto wa wahamiaji kutoka Lithuania, hutumwa bia na wanaume wa kiwanda cha mafuta. Siku moja anaonja kupita kiasi, analala kwenye kona, mlango unafungwa usiku kucha. Anapokutwa, panya wamemuua na kumla karibu wote. Sisi wasomaji hatupo. Marija, ndugu wa familia, anamsimulia Jurgis katikati ya mazungumzo mengine, na mazungumzo yanaendelea.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kazi za mikono katika riwaya, na nimekwama kwenye mistari hiyo. Kwa sababu Sinclair alishatuonyesha kwamba anamwona mtoto huyu. Mapema kitabuni, padri anamwandikia cheti kinachomwongezea miaka miwili, naye anapata kazi kwenye mashine ya mafuta ya nguruwe. Anaweka kopo tupu, mashine inalijaza, mwenzake analiondoa, anaweka jingine. Senti tano kwa saa. Hakuna chozi hata moja kwenye ukurasa ule, na ndio ukurasa bora wa kitabu. Baadaye mwandishi anamwacha mtoto na kufuata siasa. (Sura za mwisho ni mahubiri ya ujamaa. Nimezaliwa katika nchi ya Azimio la Arusha, na bado nilisinzia.)

Wasomaji wa Marekani waliogopa soseji. Sheria ya ukaguzi wa nyama ilisainiwa tarehe 30 Juni 1906, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka. Sheria ya kuwalinda watoto ilipitishwa mwaka 1916, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 1918, na iliyodumu ikaja mwaka 1938. Wahakiki wengi huwalaumu wasomaji kwa kujali matumbo yao. Mimi nakilaumu pia kitabu: nyama iliyooza tunainusa wenyewe, kifo cha mtoto tunakisikia kwa mtu.

Na viwanda havikuacha. Mwezi Februari 2023, Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya usafi ya Packers Sanitation Services ilikuwa imewatumia watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, kusafisha viwanda 13 vya nyama katika majimbo 8. Zamu ya usiku, kemikali kali, misumeno ya kukatia nyama. Faini ilikuwa dola milioni 1.5.

Kwetu, maandishi yaliyo karibu zaidi na Sinclair ninayoyajua si riwaya bali ni ripoti: Toxic Toil ya Human Rights Watch, ya mwaka 2013, kuhusu watoto wa machimbo madogo ya dhahabu katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Badala ya mafuta ya nguruwe kuna zebaki, inayochanganywa kwa mikono na kuchomwa motoni. Ripoti inamshinda Sinclair kwa jambo moja: watoto 61 waliohojiwa wanasema wenyewe. Ila toleo nililosoma ni la Kiingereza. Ili nimsikie mtoto wa Chunya, lazima nimtafsiri kumrudisha kwenye lugha ambayo mimi na yeye tungepiga nayo soga.

Kiswahili chetu nacho kina maficho yake. Cha ofisini kinasema "utumikishwaji wa watoto", neno ambalo anayetumikisha haonekani ndani yake. Cha mtaani ni kipole zaidi: dogo anasaidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari. Lakini anayesaidia hakuajiriwa, kwa hiyo nani atamkagua?

Hapa Dodoma, nyama inayotoka machinjioni inapigwa muhuri wa mkaguzi. Muhuri unamhusu ng'ombe. Ningependa kusoma kwa Kiswahili ukurasa mmoja ulioandikwa kama ule wa makopo: dogo anafika saa ngapi, anashika nini, analipwa shilingi ngapi, na nani anampa.