Mnyazi Kabla ya Mekatilili: Nafasi ya Ndugu katika Masimulizi ya Wagiriama

Ni desturi kuyasoma masimulizi ya Mekatilili wa Menza kuanzia mwaka 1913, alipowahimiza Wagiriama wakatae kodi na kuchukuliwa kwa vijana wao. Utoto wake huachiwa aya moja: walizaliwa watoto watano, yeye akiwa binti pekee, na mmoja wa kaka zake, Mwarandu, akatekwa na wafanyabiashara ya watumwa asirudi tena. Aya hiyo huchukuliwa kuwa utangulizi tu. Hoja yetu ni kwamba ndiyo inayoubeba usimulizi mzima.

Tulitazame jina. Katika Kigiriama, Mekatilili ni mama wa Katilili. Jina la utotoni, Mnyazi, limefunikwa na jina la uzazi, na pamoja nalo amefunikwa dada. Ndiyo maana kisa mashuhuri cha kuku na vifaranga husomwa kama taswira ya mama peke yake. Inasimuliwa kwamba alimtaka Arthur Champion, afisa wa kikoloni, ajaribu kutwaa kifaranga. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, akaambiwa, ukimgusa mmoja wa vijana wetu.

Lakini mbona kifaranga kimoja? Fumbo lingetimia hata kwa kundi zima. Kimoja, kwa sababu mmoja ndiye aliyetwaliwa katika nyumba ya Menza, na kwa mtoto aliyekulia katika kundi la ndugu, wingi wa waliobaki hauzibi pengo. Kuku ana mdomo wa kudonoa; Mnyazi hakuwa na chochote. Hatusemi kwamba Mekatilili mwenyewe alimkumbuka Mwarandu siku hiyo. Tunasema jamii inayosimulia ndiyo iliyoviunganisha visa hivi viwili. Kifudu nacho, ngoma ya maombolezo aliyoitumia kukusanya watu, chafaa kusomwa upya kwa mwanga huo: Mwarandu hakuzikwa na nduguze.

Usomaji wa kitaifa, uliompa sanamu mjini Malindi, umemtoa haraka mno katika boma la baba yake. Hasara yake yaonekana kwa wale kaka watatu waliosalia. Katika matoleo yaliyozoeleka hawana kauli. Hawaombolezi wala hawapigani. Mtafiti atakayekwenda tena Ganze au Kaloleni asiwaulize watambaji habari za Champion kwanza. Aanze na hao watatu.