Mkataba Usio na Mahakama Yake

Mkataba wa Wakimbizi ulipitishwa Geneva tarehe 28 Julai 1951, na mpaka leo hauna mahakama yake. Ibara ya 38 inaziruhusu nchi zinazogombania maana yake kwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Hakuna nchi iliyowahi kwenda. Hauna hata kamati ya wataalamu ya kupokea malalamiko, kama ilivyo nazo mikataba mikubwa ya haki za binadamu iliyofuata. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ina jukumu la kusimamia utekelezaji wake, lakini ushauri wake haumfungi jaji. Basi jaji wa Nairobi, wa Ottawa au wa London akiletewa faili la mtu aliyekimbia kwao, anakutana na sentensi fupi zilizoandikwa na wanadiplomasia ambao akilini walikuwa na watu wa Ulaya waliotawanywa na Vita Kuu ya Pili. Anafungua kitabu cha mwalimu wa chuo kikuu.

Kazi ya mwalimu huyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Haina makelele. Miaka hupita katika kumbukumbu za vikao vya 1951, katika hukumu za nchi za mbali, katika hoja ya aya moja inayoandikwa, kufutwa na kuandikwa tena. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba ni wanasheria wachache ambao kalamu zao zimewafikia wanyonge kiasi hiki, na aghalabu aliyefikiwa hatalijua jina la aliyemwandikia.

Tazama kesi ya Patrick Ward, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1993. Ward alikuwa mwanachama wa kikundi cha silaha cha Ireland Kaskazini. Alipewa mateka awalinde; alipojua kwamba watauawa, akawaacha watoroke. Kikundi chake kikamhukumu kifo, naye akaishia Kanada kuomba hifadhi. Serikali ya kwao haikumtesa. Ilishindwa tu kumlinda. Je, huyo ni mkimbizi? Jaji La Forest alijibu kwamba mateso hayalazimiki kutoka mikononi mwa serikali: hifadhi ya kimataifa ipo kwa ajili ya pale ulinzi wa nyumbani unaposhindikana. Katika kuijenga hoja hiyo aliegemea sana kitabu cha mwalimu wa sheria James Hathaway, kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu, pamoja na kile cha msomi mwenzake Guy Goodwin-Gill cha mwaka 1983. Hukumu ile ikaeleza pia ni akina nani wanaoweza kuitwa kundi la kijamii linalostahili hifadhi, na jinsia ikatajwa. Mwaka 1999 majaji wa Baraza la Malord, Uingereza, waliipitia hoja hiyo walipowasikiliza wanawake wawili wa Pakistani waliofukuzwa na waume zao, ambao wangerudi kwao wangekabili tuhuma ya uzinzi. Walishinda.

Katika kazi hii ya kufasiri kuna nidhamu ambayo naiheshimu kuliko ufasaha wowote. Tafsiri unayoipendekeza leo kwa mtu unayemhurumia itatumika kesho kwa mtu usiyempenda. Ward alikuwa mtu wa bunduki. Wanawake wale hawakumfahamu, wala wasingekuwa na sababu ya kumpenda. Mwalimu anayeandika kwa huruma peke yake humsaidia mmoja na kuwapotezea njia mia. Anayeandika bila huruma, naye, hatayaona hata maswali yenyewe.

Msomi mwingine, Barbara Harrell-Bond, hakuanzia kwenye sheria. Alikuwa Mmarekani, mwanaanthropolojia, na mwaka 1982 alianzisha pale Oxford programu ya masomo ya wakimbizi. Miaka hiyohiyo alikwenda kusini mwa Sudan, walikokimbilia Waganda, na mwaka 1986 akatoa kitabu kilichowaudhi wengi katika mashirika ya misaada, kwa kuwa alionesha kwamba misaada ilikuwa ikiwashukia watu bila wao kuulizwa. Baadaye, pamoja na mwanasheria Guglielmo Verdirame, alichunguza hali ya wakimbizi waliokuwa Kenya na Uganda. Kitabu chao cha mwaka 2005 kinasimulia, miongoni mwa mengine, jinsi mgao wa chakula ulivyosimamishwa kambini Kakuma, Kenya, kama adhabu ya wote kwa kosa la baadhi. Kuyasema hayo kuhusu wenye magari, bajeti na vibali vya kuingia kambini kunahitaji moyo. Lakini hakuishia kwenye lawama. Alisaidia kuanzisha Mradi wa Sheria ya Wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999, kisha akahamia Kairo, akawafundisha vijana kazi ya kukaa na mwombaji hifadhi na kuyaandika maelezo yake.

Maelezo hayo ndiyo moyo wa faili, na hapo utafiti umewasaidia watu kwa namna ambayo ningependa ijulikane zaidi. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu simulizi la pili limetofautiana na la kwanza. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Jane Herlihy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakimbizi wa Bosnia na Kosovo waliokuwa Uingereza, ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kukaa, hivyo hawakuwa na cha kupata kwa kusema uongo. Waliulizwa mara mbili juu ya mambo yaleyale. Majibu yakatofautiana, zaidi katika mambo madogo ya pembeni kuliko katika kiini cha yaliyowapata. Wakili mwenye makala hiyo mkononi ana la kumwambia afisa anayeuliza kwa nini shati la askari limebadilika rangi.

Kwetu Afrika swali lilikuwa kubwa zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994 kiasi cha Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24. Nani angewahoji mmoja mmoja? Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 ulikwisha kupanua maana ya mkimbizi, ukamjumuisha anayekimbia machafuko makubwa ya nchi yake, ingawa haukumfungulia mlango mwuaji, na wauaji walikuwamo katika umati ule. Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya ukarimu wa Tanzania, kisha juu ya kufungwa kwa mpaka wa Burundi mwaka 1995, akieleza pia jinsi nchi tajiri zilivyoiachia Afrika mzigo. Kuipima serikali yako kwa haki, bila kuikomoa na bila kuibembeleza, ni kipimo kigumu cha msomi.

Mahakama nazo huipima serikali. Nairobi, tarehe 26 Julai 2013, Mahakama Kuu ilibatilisha amri ya serikali ya kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria.

Ninalodai kwa kizazi kijacho cha maprofesa ni hili. Vitabu nilivyovitaja vyote ni vya Kiingereza. Kambini Nyarugusu, Tanzania, wapo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na sheria inayoamua kama watabaki au watarudishwa wanaisikia kwa kusimuliwa. Aandike mmoja wa maprofesa hao ufafanuzi kamili wa Mkataba kwa Kiswahili, ibara kwa ibara, wenye hukumu za Nairobi na za Dar es Salaam ndani yake, na aanze na ibara ya 33, inayokataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini.