Gunzi, koki na nusu kilo ya maji

Koki ya jikoni ilikuwa ikidondosha kwa wiki mbili. Jumamosi moja jioni nikaamua kuikaza kwa spana, nikaongeza nguvu kidogo, mara ikakatika shingoni. Nyuzi zake zilibaki ndani ya elbo ukutani, koki yenyewe ikabaki mkononi mwangu, na maji yakaruka hadi kwenye kabati la upande wa pili. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka 11.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa: niliziba tundu kwa kiganja. Maji yakapenya kati ya vidole na kunipiga usoni, nami nikazidi kukandamiza kana kwamba napigana na mtu. Aliyenizindua ni mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu badala ya kunitazama mimi. "Baba, maji yanakwenda kwenye ekstensheni."

Ekstensheni ya friji ilikuwa chini, hatua mbili hivi kutoka dimbwi lilipofika. Swichi kuu iko ukumbini, kwenye sakafu kavu, na alishaizima mara kadhaa mimi nikibadilisha taa. Nikamwambia akaizime. Giza lilipoingia, hatari ya kuua ilikuwa imeondoka. Iliyobaki ilikuwa hasara tu. Hatua hiyo ndiyo iliyostahili kuja kwanza, na haikuanzia kwangu.

Hatua ya pili ilikuwa kufunga chanzo. Nilimwachia kazi ya kiganja changu, yaani aliziba yeye tundu kwa taulo iliyokunjwa, nikakimbilia valvu iliyo chini ya mnara wa tangi. Kishikio kilizunguka, maji hayakupungua. Valvu ya aina hiyo ina kisahani cha shaba kinachoshuka kufunga njia. Ikikaa miaka bila kuguswa, chumvi na kutu huking'ang'aniza, na ukilazimisha, skrubu inayokishusha huachana nacho. Yetu ilikuwa na miaka minne tangu iwekwe, na sikumbuki kuizungusha hata siku moja.

Niliporudi jikoni na tochi, binti yangu alikuwa ameshaacha taulo. Alikuwa anachambua ndoo ya takataka. Mchana tulikula mahindi ya kuchemsha. "Bibi anazibia kibuyu cha maziwa na gunzi," alisema, akanionyesha moja.

Hapa ndipo penye fundisho la kiufundi. Gunzi limechongoka upande mmoja, kwa hiyo hujipima lenyewe: huhitaji liwe na kipenyo kamili, unalisukuma mpaka likwame. Lina ugumu wa kushika umbo, lakini nyama yake ni laini kiasi cha kubonyea kwenye kingo za tundu. Tulilivika kipande cha fulana kuukuu ili kijaze mianya, nami nikaliingiza kwa kulizungusha huku nikisukuma. Sikulipiga nyundo, kwani elbo ikipasuka ukutani, balaa la koki linakuwa balaa la kubomoa ukuta. Mruko ukawa mchirizi, mchirizi ukawa matone.

Baadaye nilikaa na kalamu, nikacheka. Maji ndani ya tangi yalikuwa juu ya koki kwa mita 3 hivi. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta shinikizo la takriban kilo moja kwa sentimita moja ya mraba, kwa hiyo letu lilikuwa kama theluthi ya kilo. Tundu lenye kipenyo cha sentimita moja na nusu lina eneo lisilofika sentimita 2 za mraba. Zidisha: maji yakishazibwa, kinachosukuma kizibo ni takriban nusu kilo, uzito wa pakiti ndogo ya sukari. Mtoto wa miaka 11 angeweza kukizuia kwa kidole gumba. Kiganja changu hakikushindwa kwa udhaifu. Kilishindwa kwa sababu ni bapa, na tundu lilitaka kitu kinachoingia ndani.

Gunzi likiwa kazini, hatukungoja. Tulifungua koki ya bafuni tukajaza ndoo na madumu yote. Tuliokoa maji, na kila ndoo iliyojaa ilishusha kimo tangini, hivyo hata ule msukumo mdogo ukapungua zaidi.

Asubuhi, tangi likiwa tupu, nilichomeka bisibisi bapa ndani ya nyuzi zilizobaki, nikaigonga kidogo ishike, nikazungusha kushoto. Zilitoka zikiwa nzima. Koki mpya nilimpa yeye aizungushie utepe mweupe wa fundi bomba, kwa mwelekeo wa saa huku ncha yenye nyuzi ikimtazama. Ukikosea upande, utepe hukunjuka unapokaza. Chini ya mnara tukaweka valvu ya mpini, ile inayofunga kwa robo mzunguko, na kila mwanzo wa mwezi yeye huifunga na kuifungua.

Koki ya zamani niliifungua nikaikagua. Kilichokuwa kimekwisha ni washa ya mpira, kitu cha bei ya vocha ndogo ya simu.

Juzi bafuni nako kukaanza kudondosha. Nilikuwa nimeshashika spana aliposimama mlangoni, mahali pale pale pa kusimama kwake.

"Baba, umefunga valvu?"

Nikaiweka spana chini, nikatoka nje kwenda kufunga.