Kabati Lenye Kufuli

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia: ati watu wa Pwani hawapendi kusoma. Husemwa matokeo ya KCSE yakitoka, husemwa kwenye mikutano ya wazazi, na sisi wenyewe tunaisema tukinywa chai. Mimi ni wa Kombani, pale barabara ya Likoni kwenda Ukunda inapoachana na ile ya kupanda Kwale. Nataka kuihakiki sentensi hiyo kama ninavyohakiki riwaya, manake ni hadithi mbovu. Ina mhusika wa kulaumiwa, lakini haina mandhari.

Basi tuanze na mandhari. Pita Kombani jioni utawaona watoto wakienda chuo, yaani madrasa, juzuu zimo mifukoni. Mtoto wa miaka sita anajua kitabu hakitupwi chini wala hakishikwi na mkono mchafu. Nyumba isiyo na kitanda cha pili ina Msahafu, na umewekwa mahali pa juu kuliko vitu vyote. Sasa niambie, hao ndio wasiojua thamani ya kitabu?

Na si mambo ya jana. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa kumwachia. Ukiyasoma mawaidha yale leo utagombana nayo, hasa yale ya mke kwa mumewe. Mimi hugombana nayo kila nikiyasoma. Lakini tazama tendo lenyewe: mama anaumwa, na kitu anachoona kitamfaa mtoto wake ni maandishi. Huyo ni mtu wa Pwani.

Kwa hivyo hamu ipo. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe, na hasa kitabu cha aina fulani.

Vitabu vya shule tunavyo, tena afadhali kuliko zamani. Elimu ya msingi bila malipo ilianza 2003, na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Jambo zuri. Ila kitabu cha kiada kina tabia yake: kinakuuliza swali huku jibu kinalijua. Mtoto anakisoma akiogopa kukosea. Halafu kitabu hicho hurudishwa. Siku unayoacha shule, iwe kwa karo, mimba, au mzee kuumia kazini, unarudisha vitabu na kubaki na sare. Yule anayehitaji kitabu kuliko wote ndiye anayenyang'anywa kwanza.

Shule ya msingi niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na kabati la vitabu vya hadithi. Lilikuwa na kufuli. Lilifunguliwa wageni wakija, tukapangwa mbele yake tukipigwa picha, kisha likafungwa. Tuliambiwa tungevichafua. Vingi vilikuwa vya msaada kutoka ng'ambo, vimejaa theluji. Sina ugomvi na theluji. Kusoma mambo usiyoyajua ni nusu ya raha ya kitabu. Ugomvi wangu ni mtoto kukutana na theluji mara ishirini kabla hajakutana na mnazi hata mara moja. Taratibu anaamini kwamba hadithi hutokea kwingine, kwa watu wengine, na kwao hutokea shida tu.

Ndiyo maana nampa heshima yake Ken Walibora, aliyetutoka Aprili 2020. *Siku Njema* ilichapishwa 1996. Ukiniuliza kama mhakiki nitakwambia ina sadfa nyingi mno, na kuna mahali wahusika wanaongea kama wamemeza kamusi. Lakini chukua ramani. Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mama yake mwimbaji anafariki, naye anaondoka kumsaka baba hadi magharibi mwa Kenya. Barabara ya kutoka Tanga kuja Mombasa huvuka mpaka Lunga Lunga, ikapita Msambweni na Ukunda, halafu, ehe, Kombani. Mimi niliyezoea kuiona barabara ile kama njia ya watalii na malori niliiona upya. Riwaya iliyosomwa Kenya nzima ilikuwa imenyoosha mstari mbele ya kibanda cha mahamri cha kwetu. Tena mtoto asiye na mama wala mali alikuwa ndiye mhusika mkuu. Hakuwekwa pale kuwa mfano wa somo la umaskini.

Wanaotetea maktaba husema vitabu vitainua alama. Huenda, lakini hoja hiyo ni ndogo, na ina hatari. Mtoto aliyesoma kwa ajili ya mtihani huacha kusoma mtihani ukiisha. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, cheti sina. Kilichobaki ni uwezo wa kukaa na kurasa nyingi bila mtu kunisimamia, na ndio unaonilisha. Huku kwetu kuna wazee waliotia kidole gumba kwenye karatasi za mashamba bila kujua zinasema nini. Aliyezoea hadithi ndefu hatishwi na karatasi ndefu. Atasoma hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.

Sasa, kazi ya nani? Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya maktaba. Fungua Jedwali la Nne usome fungu lenyewe: linaanza na kamari, linakwenda mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, video, ndipo zinakuja maktaba. Njoo Kombani uhesabu. Kamari ipo kwenye kila simu. Maktaba ya umma iko Kwale mjini, juu mlimani, na nauli ya watoto wawili kwenda na kurudi ni hela ambayo mama atanunulia unga, na hakosei. Ongeza kwamba sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Halafu tunashangaa!

Wala usiniambie haiwezekani. Garissa vitabu vimewafuata watoto wa wafugaji migongoni mwa ngamia. Nairobi, Book Bunk wamefufua maktaba za Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida kabisa. Kaunti yetu imejenga madarasa ya chekechea na kutoa basari, na hapo nawapa haki yao. Lakini basari humfuata aliye shuleni. Aliyetoka anahitaji mlango usiouliza salio la karo.

Nasema chumba kimoja karibu na stendi, rafu, mtu wa kukaa hapo, na vitabu vya Kiswahili, Kiingereza na, tukijaliwa waandishi, Kidigo. Sharti langu ni moja: mtoto aruhusiwe kuondoka nacho. Kitabu kikirudi na doa la mafuta ya mahamri ukurasa wa arubaini, asipigwe kelele. Angalau tutajua alifika ukurasa wa arubaini.