Mkono wa Kushoto wa Marcel Cerdan

Akitajwa Marcel Cerdan, wengi hukumbuka mapenzi yake na mwimbaji Édith Piaf, kisha ndege ya Air France iliyogonga mlima katika visiwa vya Azores tarehe 28 Oktoba 1949. Ni habari za kweli na za kuhuzunisha, na zimeshaandikiwa vitabu na kuchezewa filamu. Lakini zimemfunika bondia. Mtu huyu alipanda ulingoni kwa miaka 15, akapigana mapambano ya kulipwa zaidi ya 110 na kupoteza manne tu, mawili kati ya hayo kwa kutolewa na mwamuzi. Rekodi ya namna hiyo hailetwi na bahati. Ni matunda ya kazi, na kazi yenyewe inaonekana, maana picha za baadhi ya mapambano yake makubwa zipo mpaka leo. Ukizitazama taratibu, ukairudia sehemu ile ile mara mbili tatu, unaanza kumwona fundi.

Alizaliwa Sidi Bel Abbès, Algeria, Julai 1916, akakulia Casablanca nchini Morocco, wakati nchi zote mbili zikiwa mikononi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa na duka la nyama, na aliwasukuma wanawe kwenye ngumi mmoja baada ya mwingine. Marcel mwenyewe moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa miguu. Pambano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa Meknès mwaka 1934, akiwa na miaka 18, na baada ya hapo akawa mtu wa kuzunguka Casablanca, Rabat, Oran na Algiers, leo hapa kesho pale, chini ya meneja wake Lucien Roupp. Aliposhindwa kwa mara ya kwanza, Januari 1939 jijini London, mbele ya Harry Craster, ilikuwa kwa kutolewa baada ya konde kushuka chini ya mkanda. Kufikia hapo alikuwa ameshashinda zaidi ya mara 40 mfululizo.

Hizo 40 na ushei ndizo zilizokuwa shule yake. Siku hizi bondia mwenye kipaji hupigana mara mbili au tatu kwa mwaka, akichaguliwa wapinzani kwa uangalifu mkubwa. Cerdan alipigana karibu kila mwezi, na watu wa kila aina: warefu, wa mkono wa kushoto, wakorofi wa kusukuma kwa kichwa, wazee wanaojua kukumbatia ili muda upite. Mazoezi ya gunia hayamfundishi mtu mambo hayo. Unayajua kwa kuyakuta ulingoni, taa zimewaka na watu wanapiga kelele, na ukikosea unalipa palepale.

Sasa tuangalie umbo lake. Kwa uzani wa kati, ambao mwisho wake ni kilo 72 na nusu, Cerdan alikuwa mfupi mwenye kifua kipana na mikono isiyo mirefu. Bondia wa umbo hilo ana shida moja isiyokwisha: mpinzani anamfikia kabla yeye hajamfikia mpinzani. Ili apige, lazima kwanza avuke eneo la hatari, ile hatua moja na nusu ambayo ngumi za mwenzake zinafika na zake hazifiki. Wengi wenye umbo hilo huvuka kwa pupa, wakiinamisha kichwa na kuomba Mungu. Cerdan alivuka kwa nusu hatua. Kidevu kimezama nyuma ya bega, viwiko vimebana mbavu, kiuno kimekunjika kidogo, na mguu wa mbele unasogea kwa inchi chache, kisha wa nyuma unafuata. Hakuvusha miguu kwa kuipishanisha, kwa hiyo wakati wowote ule, hata katikati ya mwendo, alikuwa amesimama sawasawa na anaweza kupiga.

Akishaingia ndani, kazi inabaki kwa mkono wa kushoto. Konde lake la kuzungusha lilikuwa fupi kuliko watu wanavyodhani konde la hatari linapaswa kuwa. Kiwiko kimekunjwa, ngumi na kiwiko viko usawa mmoja, na mkono wenyewe hauendi mbali. Kinachosafiri ni mwili. Kisigino cha kushoto kinainuka na kugeuka, nyonga inafuata, bega linafuata nyonga, na mkono unabebwa na mzunguko huo wote hadi ubavuni kwa mpinzani. Kwa sababu safari ya ngumi ni fupi, mpinzani haioni ikianza, na kwa sababu uzito wote umehamia mguu wa kulia, mkono wa kulia tayari umejipanga kwa konde linalofuata. Cerdan aliziachia hivyo, mbili, tatu, nne, bila kusimama kujipanga upya. Kushoto ubavuni, kulia juu, kushoto tena ubavuni.

Kwa nini ubavuni? Ini liko upande wa kulia wa mwili, chini ya mbavu, na konde la kushoto linafika hapo moja kwa moja. Lakini nadhani kulikuwa na sababu nyingine. Mikono ya Cerdan ilikuwa dhaifu, iliumia mara nyingi, na fuvu la kichwa ni gumu kuliko mifupa ya vidole. Bondia mwenye ngumi nzito na mikono inayovunjika ana njia mbili: apunguze nguvu, au achague mahali pa kupiga. Yeye alichagua mahali. Mwili ni laini, mpana, hauyumbi kama kichwa. Udhaifu wa mikono ulimfundisha ufundi ambao pengine mwenye mikono ya chuma asingeutafuta.

Mwaka 1938 alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa uzani wa welta kwa kumshinda Omar Kouidri, na mwaka uliofuata akaenda Milan kumvua Saverio Turiello ubingwa wa Ulaya mbele ya Waitaliano wenzake. Kisha vita vikaja na kumla miaka yake mizuri. Mwaka 1944 alishiriki mashindano ya majeshi ya washirika huko Algiers na Rome, akawaangusha Wamarekani haraka haraka, na nadhani wanajeshi waliorudi kwao ndio waliokuwa wapiga debe wake wa kwanza ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1946 jijini Paris alimshinda kwa pointi Holman Williams, mmoja wa mabondia weusi hodari wa Marekani walioepukwa na mabingwa kwa miaka mingi na ambao hawakupewa nafasi ya kugombea mkanda. Ushindi huo hautajwi sana, nami nauweka juu kuliko mingi iliyompa sifa. Williams alikuwa mwalimu wa kujikinga. Kumfikia tu ilikuwa kazi.

Baada ya hapo New York: Georgie Abrams kwa pointi Desemba 1946, Harold Green kwa nokauti raundi ya pili miezi michache baadaye. Haikuwa njia nyoofu. Oktoba 1947 huko Chicago, Anton Raadik wa Estonia alimwangusha mara tatu katika raundi ya mwisho ya pambano ambalo Cerdan alikuwa analiongoza, na akaokolewa na pointi alizokwisha kuzikusanya. Mei 1948 Mbelgiji Cyrille Delannoit alimshinda Brussels na kumnyang'anya ubingwa wa Ulaya wa uzani wa kati. Julai akaurudisha. Umri ulikuwa umefika 32. Wapo walioanza kusema amekwisha.

Tarehe 21 Septemba 1948, uwanja wa Roosevelt, Jersey City, alikutana na bingwa wa dunia Tony Zale. Zale alitoka Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma, na aliitwa Mtu wa Chuma. Sifa yake kubwa ilikuwa makonde ya mwilini. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemlaza Rocky Graziano katika raundi ya tatu. Kwa hiyo Cerdan alikwenda kugombea kazi ile ile na mtu aliyesifika kwayo kuliko wote.

Pambano hili lataka subira ya mtazamaji. Katika raundi za mwanzo huoni maajabu. Unaona wanaume wawili waliokaribiana, na Cerdan akiwa wa kwanza kufika kila wanapokutana. Zale anapojiandaa kupiga ubavuni, Cerdan ameshapiga na yuko ndani ya mkono wake. Tofauti ni ya sehemu ya sekunde, lakini inajirudia, raundi baada ya raundi, kama mtu anayeangusha mti mkubwa kwa shoka dogo na kila pigo linatua kwenye mkato ule ule. Konde la kichwani hutoa majibu papo hapo. La mwilini hudai baadaye. Kufikia raundi ya tisa na ya 10, Zale ameacha kurudi nyuma kwa wepesi, mikono yake imeshuka kulinda mbavu, na kidevu kimebaki wazi. Hapo ndipo Cerdan anapopandisha mkono wa kushoto kichwani, na si kabla ya hapo.

Mwisho wa raundi ya 11 konde la kushoto lilimporomosha Zale kengele ikilia. Wasaidizi wake waliingia kumkokota hadi kwenye kona, na raundi ya 12 hakuinuka. Jarida la The Ring lilitangaza pambano hilo kuwa bora la mwaka. Zale hakupigana tena.

Mkanda alikaa nao miezi tisa. Tarehe 16 Juni 1949, uwanja wa Briggs, Detroit, Jake LaMotta alimwangusha raundi ya kwanza katika purukushani iliyokuwa nusu ngumi nusu mieleka, na bega la kushoto likaumia. Lile bega lililobeba kila kitu. Bila konde la kushoto, mkono wa kulia haukuwa na wa kuutayarishia njia, uzito haukuwa na pa kuhamia, na ile nusu hatua ya kuingia ndani ikawa ya kumpeleka kupigwa. LaMotta alijua na alimwandama. Kona ya Cerdan ilisimamisha pambano mwanzoni mwa raundi ya 10, na marudiano yakapangwa tarehe 2 Desemba, Madison Square Garden. Ndiyo safari iliyompandisha kwenye ndege ile.

Wengi huishia kwenye bega. Mimi narudi kwenye raundi inayofuata. Bega limeshaharibika, mkono wa kushoto unatumika kama ngao tu, naye anaingia ndani vilevile, kwa miguu ile ile ya Meknès na Oran, akimfanyia kazi LaMotta kwa mkono wa kulia peke yake. Raundi hiyo ya pili aliishinda.