Sekunde Arobaini za Mkasi

Zile video nazozungumzia unazijua. Msichana anainua sweta kubwa ya mitumba mbele ya simu, anakunja uso kama aliyenusa maziwa ya juzi. Muziki unadunda. Mkasi unapita mara moja. Video inaruka. Sasa amevaa kablauzi kanakoishia kitovuni, anazunguka mara mbili, anatabasamu. Sekunde arobaini. Nimetazama mamia ya hizi video na sitajifanya kwamba nilikuwa nafanya utafiti. Nilikuwa kitandani saa saba usiku, nikizifurahia.

Leo nataka kuzisoma vile tunasoma hadithi fupi, juu ndizo hadithi fupi ambazo wengi wetu tunasoma siku hizi. Zina tatizo, zina shujaa, zina mwisho mwema. Na zina pengo katikati, pale video inaporuka, ambapo kazi yote ilifanyika. Pengo hilo ndilo lililoniponza.

Aprili 2020 nilikuwa nimerudi kwa mama, Kahawa, bila kazi. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imesimamisha uagizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na agizo hilo halikuondolewa hadi Agosti. Mimi mtu wa kwenda Gikomba kila mwisho wa mwezi, mtu anayejua saa ya kupata kamera na saa ambapo mabaki yanageuka fagia, nikajikuta sina pa kwenda. Nikaingia kabatini. Huko ndiko nilikoitoa sweta ya shosh.

Shosh aliifuma Kinangop, ambako sweta si fasheni, ni ukuta. Rangi ya kahawia, mistari miwili ya kijani kifuani, uzi mzito. Alitumia spoku za baiskeli alizozinoa ncha kwenye sakafu ya saruji. Baada ya mazishi mama alinipa mimi, sijui kwa nini mimi. Ilikuwa inanimeza. Nikaiweka kwa meza, nikafungua video moja niliyokuwa nimeihifadhi, nikakata shingo ili iteremke bega moja.

Kuna jambo ambalo hakuna video hata moja ilikuwa imeniambia. Shati la pamba limefumwa kwa mtande na mshindio, nyuzi zinazokatana. Ukilikata, ukingo unachakaa polepole. Sweta ni uzi mmoja unaopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, kila kitanzi kimemshika mwenzake wa chini. Ukikata juu, kitanzi kimoja kinaachilia, na kile kilichokuwa kinakitegemea kinafuata. Zile sweta za video ni za kiwandani, vitanzi vidogo vilivyobanana, zinavumilia mkasi kidogo hadi mtu azifikishe kwa cherehani upande ule wa kamera usioonekana. Ya shosh haikuvumilia. Niliivaa, nikainua mkono nijipige picha, na ngazi ikashuka kifuani mbele ya macho yangu hadi mstari wa kwanza wa kijani.

Sikumwambia mama. Nilienda kwa fundi anayekaa chini ya mwavuli karibu na steji, yule anayenipunguzia kiuno cha kila suruali ninayonunua. Alinyosha mkono akaichukua, akaigeuza ndani nje.

"Sister, hii ni nani alikata?"

"Ni mimi, fundi."

Akanyamaza kidogo. "Pole. Hii si ya cherehani. Tafuta mtu wa mkono."

Huyu fundi ndiye anayenifanya niwe mkali kwa hizi video. Nairobi hii, kurekebisha nguo ni hatua ya kawaida ya kununua nguo. Viwanda vyetu vya vitambaa vililala, Rivatex ya Eldoret yenyewe ilifungwa mwaka 2000 kabla ya Chuo Kikuu cha Moi kuichukua 2007, na sisi tukavaa nguo zilizokatwa kwa ajili ya viuno na mabega ya watu tusiowajua. Mtu anayezifanya zitutoshe anakaa kando ya barabara na wembe, chaki na tepu shingoni. Anashonoa mshono wa zamani bila kutoboa kitambaa, kitu ambacho mimi bado kinanishinda. Akifanya hivyo chini ya mwavuli ni fundi tu. Ikifanywa chumbani penye taa ya duara, ni ubunifu. Shuleni tulifundishwa kwamba hobby kwa Kiswahili ni uraibu, tukaandika insha: uraibu wangu ni kuogelea (hatukuwa na bwawa). Hakuna aliyeandika kwamba uraibu wake ni kupunguza suruali. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwingine, na ilikuwa na bei.

Mama aligundua, bila shaka. Hakupiga kelele, na hilo likaniumiza zaidi. Aliniambia yeye alikuwa darasa la nane 1985, mwaka ule mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, ghafla wakaambiwa walete sindano na uzi. Alifuma soksi moja ya kupewa alama. Ya pili hakuwahi kuimaliza. "Lakini kufumua najua," akasema.

Tukafumua. Tulishonoa mikono kwanza, kisha tukaanza kuvuta uzi wa kifua kutoka juu, yeye anavuta, mimi nazungusha mpira. Neno lenyewe ni lile lile la saluni, na uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwa rasta za miezi miwili. Ikabidi tuuloweshe, tuuning'inize kwa kamba ya nguo na kuufungia chupa ya maji chini unyooke.

Ndipo nikaanza kuisoma. Kwa nje sweta ile ilikuwa safi. Kwa ndani kulikuwa na mafundo, madogo, ameyaficha karibu na mshono wa ubavuni. "Hapa uzi uliisha," mama akasema katika la kwanza. La pili, kahawia ya juu yake ilikuwa na wekundu kidogo, rangi ambayo sikuwahi kuiona miaka yote hiyo. Uzi wa dukani ulikuwa umebadilika na yeye akaendelea tu. Karibu na kwapa kulikuwa na safu moja iliyofumwa kinyume, akaiacha. Mama alicheka: "Huyo alikuwa anaongea na mtu."

Nikirudi kwa zile video, hili ndilo ninalozilaumu. Sizilaumu kwa sababu ni fupi, hata shairi ni fupi. Nazilaumu kwa sababu zinaanza na nguo "mbaya", na ubaya huo hauchunguzwi kamwe. Nani aliifuma? Kwa nini mikono ni mirefu hivyo? Nguo ya kwanza ipo ili idharauliwe, kama yule mama wa kijijini katika hadithi zetu nyingi za vijana wa mjini, ambaye kazi yake ni kufa ukurasa wa pili ili mhusika mkuu apate kukua. Naye Homer, ambaye hakuwa na haraka, alimpa Penelope miaka mitatu ya kufumua usiku kile alichokifuma mchana, na ufumuaji huo ndio uliomweka huru na wachumba. Kuna kisa ndani ya kufumua. Ukikikata, unabaki na tangazo.

Niwe mkweli pia: bila hizo video nisingeshika mkasi, na bila mkasi nisingejua mafundo yale yapo. Na zipo chache ninazozirudia, za wale wanaoacha kamera ikiwaka wakati mshono umepinda, wakaapiza, wakaufungua tena kwa wembe. Hazina watazamaji wengi. Mmoja hutumia dakika ishirini kwa zipu ya sketi na huwa siruki hata sekunde.

Kufuma upya kulinichukua hadi Septemba. Vipande vya shingo niliyokuwa nimekata vilikuwa vifupi, vingine urefu wa kiganja, nikaviunga kimoja kimoja. Mkono wangu unabana kuliko wa shosh. Ukitazama vizuri, juu ya mstari wa kijani sweta inaingia ndani kidogo, kama imevuta pumzi. Safu yake ya kinyume nayo ilikwenda na kufumua, na hiyo bado inanisumbua. Nilijaribu kuirudisha mahali pake, ikatoka kama kosa la makusudi, nikaifumua.

Nilipita nayo kwa fundi. Aliigeuza ndani nje kabla ya kuitazama nje, akahesabu mafundo yangu kwa kidole, akachoka kuhesabu.

"Na huu uzi wa juu ulinunua wapi? Haufanani na wa chini."

"Fundi, ni ule ule."

Akaipeleka kwenye mwanga, akaivuta kidogo, hakuniamini.